Mkojo wa Damu si Alama ya Ukubwa

(Yafuatayo ni maneno kamili ya mazungumzo kuhusu kazi ya mafigo, yaliyotolewa mbele ya wananchi wa Kiongoroni, Wilaya ya Kibiti, katika delta ya Rufiji.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, vijana na wanafunzi,

Nawashukuru kwa kunikaribisha Kiongoroni na kukatiza kazi zenu mchana huu, hali maji yako karibu kupwa na wengine wenu mngependa kuwa kwenye nyavu zenu. Nitajitahidi nisiwapotezee wakati.

Mmenitaka niseme juu ya mafigo. Ni kiungo ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyepata kukisikia mwilini mwake. Moyo hudunda tukausikia, tumbo hunguruma, kifua hutweta. Figo hufanya kazi usiku na mchana, nalo hukaa kimya. Hata likiumia, mara nyingi huumia kimya kimya, na siku linapopiga kelele sehemu kubwa huwa imekwisha kuharibika. Aidha, habari za figo haziwezi kusemwa bila kutaja mkojo, nasi katika malezi yetu tumefundishwa kwamba si adabu kuutaja mbele za watu. Nawaomba radhi wazee wangu mapema. Lakini wahenga wametuonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Na haya yetu juu ya jambo hili imekwisha kutugharimu vya kutosha.

Naomba nianze na kijana mmoja wa bonde hili la Rufiji, ambaye jina lake nalisitiri. Alikuwa hajatimiza miaka thelathini na mitano, mkulima wa mpunga na mvuvi. Nilipokutana naye alikuwa amevimba uso na miguu, anatapika, hana hata nguvu ya kuinua kasia. Alipopimwa, mafigo yake yote mawili yalikutwa yamejaa mkojo uliokosa njia, na nyama yake kubwa imekwisha kufa. Mama yake akaulizwa kama mwanawe alipata kukojoa damu. Akajibu bila wasiwasi: “Alipokuwa na miaka kumi na miwili hivi. Lakini ule haukuwa ugonjwa, baba. Wenzake wote walikuwa vivyo hivyo. Tukasema, mtoto amekua.”

Maneno ya mama yule ndiyo yaliyonileta hapa. Hakusema kwa uzembe wala kwa kukosa mapenzi. Alisema alivyofundishwa na wakubwa wake. Imani hiyo haiko Rufiji peke yake. Katika nchi nyingi ambako ugonjwa huu umekaa vizazi na vizazi, watu wamezoea kuiona damu katika mkojo wa mtoto wa kiume kama alama ya kubaleghe. Jambo likiwapata watoto wote, huonekana kuwa ni maumbile. Basi, ili tuelewe yaliyompata kijana yule, hatuna budi kwanza tuelewe mafigo yanafanya nini.

Wale mliokwisha kuchinja mbuzi mnayajua. Yetu yanafanana na hayo kwa umbo, kama punje ya haragwe, lakini ni makubwa zaidi: kila moja lina ukubwa wa ngumi na uzito wa gramu 150 hivi. Yamekaa nyuma ya matumbo, usawa wa mbavu za mwisho, moja kila upande wa uti wa mgongo. Ni madogo, lakini angalieni jinsi mwili unavyoyaheshimu. Moyo wa mtu aliyetulia husukuma damu kiasi cha lita 5 kila dakika, na sehemu moja kati ya tano ya damu hiyo, yaani lita moja na ushei, hupelekwa moja kwa moja katika mafigo, kila dakika, tangu kuzaliwa hata kufa.

Hupelekwa kusafishwa. Chakula tunachokula na kazi tunayoifanya huacha taka katika damu, kama vile moto wa kuni unavyoacha majivu. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, vipatavyo milioni moja. Mama zangu mnakijua kifumbu cha kukamulia tui: tui hupita, chicha hubaki. Vichujio vya figo hufanya mfano wa kazi hiyo. Chembe za damu na protini, ambazo ni kubwa, hubaki ndani ya damu. Maji, chumvi, sukari na taka hupita. Katika muda wa siku moja maji yanayochujwa hivyo hufika lita 180, yaani madebe tisa ya lita 20. Kama maji hayo yote yangetoka nje ya mwili, mtu angekauka kabla sufuria yake ya wali haijaiva.

Lakini hayatoki yote, na hapa ndipo penye maarifa makubwa ya figo. Ukitaka kufagia nyumba vizuri, hutoi taka moja moja kutoka uvunguni. Hutoa vyombo vyote nje, ukafagia, kisha ukarudisha kile unachokihitaji. Figo hufanya vivyo hivyo. Hutoa karibu kila kitu katika damu, kisha vijirija vyake vyembamba hurudisha sukari yote, chumvi kwa kadiri inavyotakiwa, na maji karibu yote. Katika zile lita 180, zinazobaki kuwa mkojo ni lita moja au mbili tu. Huo ndio mkojo: ni ile takataka iliyobaki uani baada ya vyombo vyote kurudishwa ndani.

Figo lina kazi nyingine pia. Huamua damu iende kwa shinikizo gani katika mishipa. Huamrisha uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, ndiyo maana mtu ambaye mafigo yake yamekufa hupauka kwa upungufu wa damu. Tena huikamilisha ile vitamini tunayoipata kwa jua, ili mifupa iwe na nguvu.

Ninyi watu wa delta mnaijua kazi nyingine ya figo kuliko mtu wa Dodoma, hata kama hamjaambiwa kwamba ni kazi yake. Mnaishi katikati ya maji, na bado mnatafuta maji ya kunywa. Kila mtoto wa hapa anajua kwamba maji ya bahari hayaondoi kiu, bali huizidisha. Kwa nini? Katika lita moja ya maji ya bahari mna chumvi kiasi cha gramu 35. Figo la binadamu haliwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kali kiasi hicho. Kwa hiyo, ili kuitoa chumvi ya lita moja ya maji ya bahari, hulazimika kutumia zaidi ya lita moja ya maji, na yale yanayopungua huyachukua katika mwili wako mwenyewe. Unakunywa, nawe unakauka. Ndiyo maana mvuvi aliyepotea baharini hufa kwa kiu huku maji yamemzunguka. Na ndiyo maana mtu anayelima juani au kuvuta nyavu kutwa nzima bila kunywa maji ya kutosha hukojoa mkojo kidogo, mweusi kama chai ya rangi: figo lake linabana kila tone. Mkojo wenye rangi hafifu ya majani makavu ni dalili kwamba figo limepewa maji linayoyataka.

Sasa tuufuate mkojo katika safari yake. Kutoka kila figo unateremka mrija mwembamba wenye urefu wa sentimeta 25 hadi 30. Mirija hiyo haiachi mkojo utiririke wenyewe. Huusukuma kwa kujibana na kujilegeza, hata mtu akiwa amelala. Huishia katika kibofu, ambacho ni mfuko wa nyama unaotanuka na kusinyaa, wenye uwezo wa kushika karibu nusu lita. Kila mrija huingia kibofuni kwa mshazari, ili kibofu kikijaa na kubana, mlango wake ujifunge na mkojo usirudi juu. Mfumo huu wote una sharti moja: njia iwe wazi. Mfereji wa shamba ukizibwa chini, maji hayasimami pale pale. Hurudi nyuma, yakafurika, yakaozesha mpunga. Mrija wa mkojo ukizibwa, mkojo hurudi nyuma ukalijaza figo, ukalitanua na kuibana nyama yake mpaka ikafa. Hilo ndilo lililompata kijana yule, na aliyeiziba mirija yake ni kichocho.

Kichocho ni adui wa zamani sana. Mwaka 1910 daktari Marc Armand Ruffer alipima maiti za Wamisri wa kale, zilizokaushwa na kuhifadhiwa kwa miaka 3,000 hivi, akayakuta mayai ya kichocho yamegeuka mawe ndani ya mafigo yao. Mdudu mwenyewe aligunduliwa mjini Cairo mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz. Lakini njia anayoipita kuingia mwilini haikujulikana vizuri mpaka mwaka 1915, pale Mwingereza Robert Leiper alipothibitisha huko huko Misri kwamba mdudu huyu hawezi kumfikia mtu bila kukaa kwanza ndani ya konokono.

Habari yenyewe iko hivi. Mtu mwenye kichocho akikojoa majini, mkojo wake huteremsha mayai madogo sana, kila yai lina mwiba nchani. Yai likipata maji baridi hupasuka, likatoka buu lenye vinyweleo linaloogelea kutafuta konokono wa jamii ya Bulinus, ambaye hukaa katika maji yaliyotulia yenye majani. Humo ndani ya konokono buu moja huzaa maelfu. Baada ya wiki nne hadi sita hutoka mabuu ya namna nyingine, yenye mkia, na hutoka zaidi wakati wa jua, tangu saa nne asubuhi mpaka saa nane mchana. Mtu akiingia maji hayo, kupandikiza mpunga, kuoga, kufua au kuvua, mabuu hupenya ngozi yake nzima, bila jeraha, pengine bila kuhisi chochote ila muwasho mdogo. Huacha mikia yao nje, yakaingia katika damu, yakapita mapafuni na inini, yakakua kuwa minyoo dume na jike, na mwisho yakaweka makazi katika mishipa ya damu iliyokizunguka kibofu. Hapo minyoo hukaa miaka mitatu, mitano, hata zaidi, na jike hutaga mayai makumi kwa makumi kila siku.

Mayai hayo, kwa ile miiba yao, hupasua njia katika ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Damu mnayoiona mwishoni mwa kukojoa ni damu ya ukuta huo unaochomwa. Si damu ya ukubwa, wala si ya utu uzima. Ni jeraha. Na hata hivyo, mayai yanayotoka ndiyo yenye nafuu, maana yametoka. Mengi hushindwa kutoka, yakakwama katika nyama ya kibofu na ya mirija. Mwili huyazungushia makovu, na kovu juu ya kovu hugeuka gumu kama jiwe. Kibofu hupoteza uwezo wa kutanuka. Mirija hubanwa. Mkojo hurudi nyuma.

Fahamuni pia jambo linalodanganya watu. Mtoto aliyekuwa akikojoa damu akiwa na miaka kumi na miwili, akifika ishirini damu huweza kupungua au kukoma kabisa kuonekana. Wazazi husema amepona. Kumbe ndani makovu yanaendelea na kazi yake. Hapo hakuna maumivu makali, hakuna homa, mtu analima, anaoa, anazaa. Kijana wetu alikaa zaidi ya miaka ishirini katika hali hiyo.

Kwa baadhi ya watu majeraha hayo ya miaka mingi huleta saratani ya kibofu, na tangu mwaka 1994 wataalamu wa saratani duniani wamekiweka kichocho hiki katika orodha ya visababishi vilivyothibitishwa. Kwa wanawake mayai hukwama pia katika mlango wa uzazi, yakaleta vidonda, maumivu na damu, na pengine ugumba. Nao mwanamke huyo hudhaniwa ana ugonjwa wa zinaa, akadharauliwa na mumewe kwa kosa alilolipata akipandikiza mpunga wa kuwalisha watoto wake. Naomba waume mliopo hapa mlisikie hilo vizuri.

Mtaniuliza: hapa kwetu maji ni chumvi na mikoko, kichocho si cha watu wa bara, wa mabondeni huko juu? Swali hilo ni la haki. Konokono wa kichocho haishi katika maji ya bahari, na chumvi hii inayowatesa kwa kiu imewakinga kwa upande huo. Lakini mtu wa delta hakai mahali pamoja. Hufuata maji baridi yanakopatikana, kwa kuwa mpunga hautaki chumvi. Msimu ukifika familia huhamia mashambani, zikajenga madungu ya kulindia ndege na nguruwe, zikakaa huko miezi. Huko ndiko kwenye maji yaliyotulia, majani na konokono. Tena hakuna choo. Tangu Operesheni Rufiji ya mwaka 1968 na 1969, wananchi wa bonde walipohamishwa kwenda vijiji vya nchi ya juu baada ya mafuriko, mambo yamekuwa hayo hayo kwa wakulima wengi wa Rufiji: nyumba na choo viko kijijini, shamba na dungu viko majini. Choo kilichoko mbali kwa mwendo wa nusu siku wa mtumbwi hakimsaidii mtoto aliyeko dunguni.

Tena tusiitegemee chumvi kana kwamba ni askari asiyelala. Nchini Senegal, mwaka 1986, bwawa la Diama lilikamilika karibu na mlango wa Mto Senegal ili kuizuia bahari isipande mtoni wakati wa kiangazi. Lilisaidia kilimo. Lakini maji yalipokuwa baridi mwaka mzima, konokono walizaliana, na kuanzia mwaka 1988 mji wa Richard-Toll, ambao ulikuwa hauujui ugonjwa huo, ukapatwa na mlipuko mkubwa wa kichocho cha tumbo. Bwawa letu la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022, ni la namna nyingine, na liko mbali juu ya mto. Sisemi kwamba ya Senegal lazima yatokee Rufiji. Nasema tu kwamba mto unapobadilika, kwa bwawa, kwa mafuriko kama yale ya mwaka 2024, au kwa mkondo kuhama, mipaka ya maji baridi na maji chumvi huweza kubadilika pia, na konokono huifuata mipaka hiyo. Mwenye kuijua mipaka hiyo kwanza ni ninyi mnaoyaonja maji kila siku, si mtaalamu wa mjini.

Basi tufanye nini? Ndugu wananchi, hapa ndipo ninapofurahi, kwa kuwa adui huyu ana nguvu nyingi lakini njia yake ni moja, nayo inakatika.

Kwanza, dawa ipo. Inaitwa prazikwanteli. Hunywewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 hunywa vidonge vinne vya miligramu 600, mara moja tu, baada ya kula. Shuleni watoto hupimwa urefu kwa fimbo maalumu ili kujua idadi ya vidonge vya kila mmoja. Najua baadhi ya wazazi huwazuia watoto siku ya dawa kwa sababu mtoto wa jirani alitapika au aliumwa tumbo. Ni kweli, huweza kutokea, hasa kwa mtoto mwenye minyoo mingi au ambaye hakula, nayo hupita kwa siku moja. Figo likifa halipiti kwa siku moja. Mpeni mtoto uji au wali asubuhi ya siku hiyo, kisha mwacheni ameze dawa yake. Na watoto wadogo wasiofika umri wa shule, ambao kwa miaka mingi waliachwa nyuma, nao wamefikiriwa: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha prazikwanteli iliyotengenezwa mahsusi kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita.

Pili, dawa si chanjo. Huua minyoo iliyokomaa tu. Iliyo michanga huponyoka, na mtu akirudi katika maji yale yale huambukizwa upya. Ndiyo maana dawa hurudiwa, na ndiyo maana dawa peke yake haitoshi. Mnyoo akiuawa leo na mkojo ukaendelea kumwagwa majini, tunateka maji kwa pakacha.

Tatu, basi, tusikojoe majini. Yai la kichocho cha mkojo lisipopata maji halizai kitu. Najua ardhi yenu; shimo la choo likichimbwa hapa huota maji kabla halijafika kina. Jengeni vyoo vya kuinuliwa, kama mnavyoinua madungu yenu. Na pale ambapo hata hicho hakijawezekana, tusimame juu ya nchi kavu, mbali na maji, wala tusikojoe kutoka mtumbwini wala katikati ya jaruba. Jambo hilo halihitaji bajeti wala mfadhili. Linahitaji kila mzazi amwambie mwanawe.

Nne, maji ya kuogea yakitekwa dimbwini na kuwekwa chomboni siku mbili kabla ya kutumiwa, mabuu ya kichocho hufa, maana hayaishi zaidi ya saa 48 bila kumpata mtu. Ya kunywa yachemsheni, kwa kuwa yana maradhi mengine. Na watoto wasiachwe kuchezea madimbwi saa za jua kali.

Tano, kila anayeona mkojo mwekundu, kila anayekojoa kwa maumivu, na kila mzee ambaye mkojo wake umekuwa wa kukatika katika, aende zahanati akapimwe. Si kila damu ni kichocho. Yako mawe ya mafigo, iko tezi dume, yako maradhi mengine. Wala si kila figo linalokufa huuawa na kichocho. Shinikizo la damu na kisukari, visipopimwa na kutibiwa, huviharibu vile vichujio milioni moja taratibu bila kutoa sauti, na vidonge vya maumivu vinavyomezwa kila siku bila ushauri huongeza madhara. Lakini mkojo mwekundu una fadhila moja: unaonekana. Ni mara chache figo hupata wa kulisemea. Tusimnyamazishe.

Pengine mtasema hayo ni maneno matamu, lakini yamewezekana wapi? Yamekaribia kuwezekana kwa ndugu zetu wa Zanzibar. Katika miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya watoto wa shule Pemba walikuwa na kichocho hiki cha mkojo. Kwa miaka mingi ya kugawa dawa, na baadaye, kati ya 2012 na 2017, kwa kuongeza mafunzo kwa wananchi na kuwaua konokono katika baadhi ya sehemu, ugonjwa umeshuka mpaka katika maeneo mengi umekuwa nadra. Haujatoweka, na pale juhudi zilipolegea ulianza kurudi. Lakini Pemba ni watu kama sisi, wakulima wa mpunga kama sisi.

Na hata huku bara tulipata kuonyesha njia. Wazee waliopo hapa wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati watu wazima wapatao milioni mbili walipokusanyika katika vikundi, kando ya redio na vijitabu, wakajifunza juu ya malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka majani. Jambo la thamani katika kampeni ile halikuwa redio. Lilikuwa ni kwamba watu walijadiliana wenyewe, wakapitisha azimio wenyewe, wakalitekeleza. Kikundi cha namna hiyo kinaweza kuundwa hapa hata leo, chini ya mabalozi wa mashina, kabla msimu wa mpunga haujafika na familia hazijahamia mashambani.

Namrudia kijana wetu. Mtu ambaye mafigo yake yamekufa huweza kuishi kwa mashine ya kusafisha damu, mara tatu kila wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, maisha yake yote. Au kwa kupandikizwa figo la ndugu yake. Nchi yetu imepiga hatua: Novemba 2017 figo lilipandikizwa kwa mara ya kwanza hapa nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, jambo ambalo awali wagonjwa walilifuata India. Tunajivunia hatua hiyo. Lakini mashine ya mara tatu kwa wiki na safari ya mtumbwi, mashua na gari kutoka delta hadi mjini haviendi pamoja. Na kijana yule alizikwa kabla mpunga aliouacha shambani haujavunwa. Angali mtoto wa miaka kumi na miwili, vidonge vichache vingemtosha.

Tangu Uhuru tuliambiwa maadui wetu ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika ugonjwa huu wote watatu wameshikana mikono. Umaskini hutupeleka majini bila viatu wala choo, maradhi hutungoja humo, na ujinga hutuambia kwamba damu ni ukubwa. Umaskini hatuwezi kuumaliza jioni ya leo. Ujinga huu mmoja tunaweza. Naomba kila mama na kila baba aliyepo hapa, akirudi nyumbani, amwite mwanawe, asimfokee, amwulize mkojo wake una rangi gani. Kesho mwalimu aulize darasani. Na kijana atakayejibu kweli asichekwe na wenzake. Ashikwe mkono apelekwe zahanati.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Kama kuna maswali niko tayari kuyajibu, na wale wenye maswali ya faragha nitakaa hapa mpaka maji yajae.